Msemaji wa taasisi ya afya analipwa kuficha?

SWALI: Shikamoo mama. Nina shahada ya mawasiliano ya umma na ni mtangazaji wa redio ya jamii hapa Bukoba. Nimeitwa kwenye usaili wa Afisa Habari Daraja la II, taasisi ya afya ya serikali. Baba mdogo ananiambia nitalipwa kwa kuficha mambo. Ni kweli? Na je, nisome kwanza afya ya jamii?
Msomaji wa kike, Bukoba

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuitwa. Baba mdogo hajakosea sana. Kuanzia Mei 2020 hadi katikati ya 2021 Tanzania haikuwa ikitangaza takwimu za korona, na sisi wa vitengo vya mawasiliano tulikuwa tunapokea simu za waandishi hatuna la kuwajibu. Afisa habari hatangazi mlipuko kwa utashi wake. Anayetangaza ni waziri. Ukiingia ukidhani bado wewe ni mwandishi, utaumia.

Ila wewe ni wa Kagera, unaikumbuka Machi 2023. Wizara ilianza kwa kusema kuna ugonjwa usiojulikana, watu wamefariki, sampuli zinapimwa. Tarehe 21 waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akautaja: Marburg, ugonjwa wa virusi wa jamii moja na Ebola, wagonjwa 8, na 5 kati yao wamefariki. Mimi huziangalia zile siku za katikati. "Bado hatujajua" ni sentensi ngumu kusainiwa serikalini kuliko zote. Rasimu inapita kwa mkurugenzi, kwa Mganga Mkuu wa Serikali, kwa Katibu Mkuu, kila mmoja na kalamu yake, na huku sauti za WhatsApp zimeshafika Mutukula, mpakani na Uganda. Sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa kusubiri nje ya mlango wa bosi, karatasi mkononi, ili umshawishi aseme leo hicho kidogo anachokijua, na ataje kesho atazungumza tena saa ngapi.

Halafu kuna lugha. Wataalamu watakuandikia "epuka kugusana na majimaji ya mwili". Nani anamwosha mama yake aliyefariki akijiambia anagusa majimaji ya mwili? Andika: usimwoshe marehemu, usimguse, piga 199 bure, wahudumu wa afya watakuja kusaidia kuzika. Rasimu zangu nilikuwa namsomea dereva wetu. Siku moja akaniuliza, "Na bodaboda aliyempakia mgonjwa je, mama?" Madaktari walikuwa wameshaipitia, na hakuna aliyemkumbuka bodaboda. Tukamwongezea mstari wake.

Afya ya jamii isubiri. Ukishaajiriwa, kaa na watu wa ufuatiliaji wa magonjwa, uliza hata maswali unayoyaona ya kijinga. Ukija kusoma baadaye utajua unatafuta nini. Mshahara si wa kujengea ghorofa, na kufika mkuu wa kitengo kunachukua miaka. Simu ya usiku utaizoea, mumeo sijui.

Kuhusu usaili: kwa kawaida kuna mtihani wa kuandika wa mchujo, halafu mahojiano. Jizoeze kuandika taarifa kwa umma ya nusu ukurasa kuhusu kipindupindu, namba ya simu ikae juu, salamu na itifaki ziende chini au zisiwepo kabisa. Na ubebe vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Watu wanarudishwa mlangoni kwa karatasi moja tu.