Mgomo wa kina mama wa Uhuru Park, 1992

Wapo wanaosema mgomo wa kina mama wa Uhuru Park, Nairobi, ulikwisha polisi walipowatawanya. Hapana, haukuishia siku ile ya virungu na mabomu ya machozi. Kina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kususia chakula Uhuru Park mwishoni mwa Februari 1992, na polisi wakawavamia Machi 3. Hapo ndipo baadhi yao walipovua nguo mbele ya askari, na mama mtu mzima akikuvulia nguo, kwa mila za wengi wetu hiyo ni laana. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira aliyekuwa pamoja nao, alipigwa hadi akazirai. Lakini hawakurudi nyumbani: walihamia kanisa kuu la All Saints, karibu na hapo, wakakaa karibu mwaka mzima. Kufikia mapema 1993 wengi wa wana wao walikuwa wameachiwa. Maathai mwenyewe aliyasimulia haya katika kitabu cha maisha yake.

Sisemi ni wao pekee waliofanikisha hilo. Rais Moi alikuwa akibanwa pia na wahisani, na uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika Desemba 1992. Ila kusema walitawanywa wakanyamaza ni kuwakosea wazee wale.