Jibu: programu ya stoki isiyokula mega

Kaka, nimekuelewa: programu ya stoki ya depo yako ya Kadutu, Bukavu, iliandikwa na akili bandia, kila ukibadili kompyuta, kupakua upya maktaba za ziada inazozitegemea kunamaliza mega zako, na ikikwama hujui pa kushika.

Anza upya kwa Python tupu (lugha ya kuandikia programu), bila maktaba za ziada. Ndani yake tayari mna sqlite3 (hifadhidata ndani ya faili moja), csv (kusoma na kuandika faili za majedwali) na http.server (kufungua programu kwenye kivinjari). Majedwali matatu yanatosha: bidhaa, maingizo, mauzo. Bei iwe namba nzima (dola iandike kwa senti), na sarafu ipate safu yake. Ukitumia namba za desimali za kawaida (float), 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Kwenye SQL (lugha ya amri za hifadhidata) weka alama ya ? mahali pa jina au bei, usiyaunganishe maneno hayo ndani ya amri, la sivyo "jus d'ananas" itavunja amri nzima kwa ile apostrofi yake. Umeme ukikatika, mauzo yaliyokwisha pitia commit (amri ya kuthibitisha hifadhi) kwa kawaida yanabaki. Ila usinakili faili la hifadhidata wakati programu inaandika: tumia amri ya SQL ya VACUUM INTO kupeleka nakala kwenye flashi.

http.server ibaki 127.0.0.1 (anwani ya kompyuta yako yenyewe), haikujengwa kukabili intaneti. Akili bandia iulize maana ya kosa tu. Msimbo andika mwenyewe. Ukitaka kupokea malipo ya simu, hapo lipa mtaalamu.