Unashindwa kura kila mkutano mkuu? Wasome maseneta wa upinzani

Wengi mnaoniandikia ni wanachama wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) na SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) za huku Kilimanjaro, na kilio ni kile kile: bodi ina watu wake, kura zikipigwa mnashindwa, sasa kuna haja gani ya kusimama na kusema? Ninalo jibu, na nimelitoa mahali ambapo pengine hamkupategemea. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ya Seneti ya Kenya, hasa michango ya maseneta wa upinzani. Hao ndio walionifundisha namna ya kuzungumza kwenye mkutano wa chama chetu cha kahawa hapa Moshi.

Sisi Tanzania bunge letu ni moja. Wenzetu wa ng'ambo ya Holili, kwa Katiba yao ya 2010, wana Seneti iliyoanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013. Ina maseneta 67; 47 kati yao huchaguliwa na wananchi, mmoja kila kaunti. Likija jambo linalohusu kaunti, hawahesabu vichwa. Kila kaunti ina kura moja, na hoja hupita ikipata kura 24. Fedha za kaunti ndiyo kazi yao kubwa, na ndipo mijadala yao inapokuwa mitamu kwa mtu wa ushirika, maana kugawana fedha ya pamoja ndiyo kazi yetu pia.

Anzeni na mjadala wa 2020 wa fomula ya kugawa fedha kwa kaunti. Pendekezo lililokuwa mezani liliipa idadi ya watu uzito zaidi, kwa hiyo kaunti kavu za kaskazini, za Pwani na za Ukambani zingepunguziwa. Mmoja wa waliosimama kidete alikuwa Mutula Kilonzo Junior, wakili, wakati huo seneta wa Makueni na mnadhimu wa upande wa walio wachache. Upinzani peke yake usingeweza kuizuia fomula ile. Kilichotokea ni kwamba maseneta wa pande zote ambao kaunti zao zingeumia walikaa pamoja, na vikao vikavunjika kimoja baada ya kingine bila muafaka. Tarehe 17 Agosti polisi waliwakamata watatu: Malala wa Kakamega, Lelegwe wa Samburu na Langat wa Bomet. Wenzao wakagoma kuendelea na kikao. Mwezi mmoja baadaye walikubaliana kwamba fomula mpya isianze mpaka fungu lenyewe liongezwe, ili kaunti yoyote isipokee pungufu ya ilichokuwa ikipata. Mwaka wa fedha 2021/22 mgao wa kaunti ukapanda kutoka shilingi za Kenya bilioni 316.5 hadi bilioni 370.

Hoja iliyobeba mjadala ule ilikuwa nyepesi kuieleza: kaunti fulani itapoteza kiasi fulani. Kulalamika kwamba serikali ni mbaya kusingewafikisha popote, maana seneta wa chama tawala asingeweza kuunga mkono sentensi kama hiyo. Sentensi inayotaja hasara ya watu wake mwenyewe aliiunga mkono.

Chukua hilo ulipeleke kwenye mkutano wako. Ukisimama ukasema "bodi inatula", umewapa nafasi ya kukasirika, na mwenyekiti atakuambia ukae. Sema hivi: "Ndugu Mwenyekiti, kwenye makisio tuliyopitisha mwaka jana, usafirishaji tuliuwekea shilingi ngapi, na zimetumika ngapi?" Hapo hata shemeji yake mwenyekiti atageuza shingo asikie jibu, kwa sababu na yeye ana kahawa yake mle ghalani.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni maandishi. Seneta wa wachache anajua mapema kwamba leo atashindwa, hata hivyo anaisema hoja yote mpaka mwisho, kwa tarehe na kwa kiasi, kwa sababu Hansard inaandika. Sisi tunao muhtasari. Swali lililoingia kwenye muhtasari halifi. Mkutano unaofuata linarudi lenyewe chini ya yatokanayo na mkutano uliopita, na safari hiyo si wewe unayeuliza, ni ajenda. Kwetu nililiuliza hivyo suala la makato kwa kilo. Mara ya kwanza nilijibiwa kwa ukali. Liliposomwa tena kwenye yatokanayo, bodi ilibidi ije na mchanganuo. Makato hayakufutwa yote, lakini siku hizi karatasi ya mchanganuo inabandikwa ubaoni kabla ya malipo ya pili, na akina mama wanaosimama kuisoma ni wengi kuliko wanaohudhuria mkutano wenyewe.

Kwa hiyo, kabla hujakaa chini, mwombe katibu akusomee alivyoandika. Si utovu wa adabu. Ukiomba kwa upole hakuna anayekasirika.

Usisubiri mengineyo, ile ajenda ya mwisho. Huko ndiko hoja za wachache zinakozikwa, watu wakiwa na njaa na gari la kurudia limeanza kupiga honi. Hoja ya fedha mahali pake ni kwenye taarifa ya ukaguzi, kwenye makisio na kwenye ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaweza kukopa. Angalieni Moses Kajwang, seneta wa Homa Bay aliyeongoza kamati ya Seneti ya hesabu za kaunti: magavana waliitwa mbele ya kamati ile wakajibu hoja za Mkaguzi Mkuu, moja baada ya nyingine, karatasi mkononi. Sisi tuna taarifa ya COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika. Iombe mapema, uisome nyumbani, kisha uje na hoja moja tu iliyoiva. Hoja tano mbichi humchosha hata rafiki yako.

Vile vipande vifupi vya video vinavyozunguka kwenye simu, ambamo seneta anafoka ukumbi mzima ukilipuka, msijifunzie humo. Kipande kinakuonyesha moto tu. Hakikuonyeshi kanuni aliyoitaja kabla ya kufoka, wala marekebisho aliyoyaleta kwa maandishi, na hayo ndiyo yanayobadilisha matokeo. Hansard nzima inapatikana bure kwenye tovuti ya Bunge la Kenya. Kama Kiingereza kinakupa shida, mchango unaotolewa kwa Kiswahili huchapwa kwa Kiswahili vile vile. Mtafute Stewart Madzayo wa Kilifi, jaji wa zamani aliyechukua uongozi wa upande wa wachache mwaka 2022, au Mohamed Faki wa Mombasa.

Mikutano mikuu mingi inakaribia. Wiki hii nenda ofisini kwenu, omba nakala ya muhtasari wa mwaka jana, utafute palipoandikwa jina lako. Kama hapapo, andika hoja yako kwenye karatasi, weka saini, mpe katibu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.