Maswali ya Wasomaji: Kumfadhili Mtoto Aliye Mbali

Tangu tulipogusia habari za wafadhili wa watoto katika ukurasa huu, barua hazijakoma. Tano kati ya hizo ninazijibu leo, nikiwa nimezifupisha kidogo bila kubadili hoja za walioandika.

Swali: Mimi ni muuguzi, Mtanzania ninayeishi Minneapolis, Marekani. Kanisani kwetu walikuja watu wa shirika moja wakatugawia kadi zenye picha za watoto, kila picha ikiwa na jina na umri, wakatuomba kila mmoja achague mtoto wake na kumchangia takribani dola 40 kwa mwezi. Moyo ulitaka lakini mkono ukasita, kwa sababu nimekulia Singida na ninajua jinsi fedha za misaada zinavyoweza kuishia njiani. Je, ufadhili wa namna hii humsaidia mtoto kweli, na fedha humfikia?

Jibu: Dada yangu, kusita kwako ni kwa haki, ila nisingependa kukufanye ufunge mkono kabla hujaijua habari yenyewe. Utaratibu huu haukuanzia Afrika. Mwaka 1937, Hispania ilipokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwandishi wa habari wa Kiingereza John Langdon-Davies alianzisha pamoja na Eric Muggeridge mpango wa kuwatunza watoto walioathiriwa na vita hivyo, ambapo kila mfadhili alijua jina la mtoto anayemsaidia. Huko ndiko lilikotoka shirika la Plan International. Mwaka 1952 mhubiri wa Kimarekani Everett Swanson, baada ya kuwaona mayatima wa vita vya Korea, alianza kazi iliyokuja kuwa Compassion International. Miaka 20 baadaye, mwaka 1972, Waingereza 88 walianza kuwafadhili watoto 88 wa India na Kenya, na shirika lao ndilo tunaloliita leo ActionAid. Wote hao waligundua jambo lile lile, kwamba mtu aliyeuona uso wa mtoto na kulijua jina lake hutoa kwa moyo, tena kwa miaka, kuliko yule aliyeambiwa tu kwamba duniani kuna umaskini.

Kuhusu kama unamsaidia mtoto, jibu langu ni kwamba unaweza kumsaidia sana. Mwaka 2013 wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha utafiti uliohusu watu zaidi ya 10,000 katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda. Waliwatafuta watu wazima waliofadhiliwa na Compassion walipokuwa wadogo, wakawalinganisha na wenzao, wakiwemo ndugu zao wa tumbo moja ambao mpango ulipoingia kijijini walikuwa wamekwisha kuvuka miaka 12 na hivyo hawakuweza kuandikishwa. Waliofadhiliwa walikuwa wamesoma kwa muda unaozidi ule wa wenzao kwa mwaka mmoja hadi karibu mwaka mmoja na nusu, na uwezekano wao wa kumaliza sekondari ulikuwa juu kwa pointi 12 hadi 18 za asilimia. Katika nchi zetu, ambako mtoto mwenye akili huacha masomo kwa kukosa viatu au kwa kuhitajika shambani, hilo si jambo dogo. Baadaye Wydick na wenzake walifanya utafiti mwingine Jakarta, Indonesia, wakawapa watoto kalamu za rangi wajichore wenyewe, na michoro ya waliofadhiliwa ilionesha dalili nyingi zaidi za furaha na matumaini. Mimi nauthamini utafiti huu wa pili kuliko watu wengi wanavyouthamini, kwa sababu katika miaka yangu ya kazi ya ustawi wa jamii nilijifunza kwamba mtoto anayeamini kuwa yuko mtu anayemtazamia afike mbali huvumilia mengi ambayo mwenzake hushindwa kuyavumilia.

Ama swali la fedha kumfikia, inakubidi kujua kwanza unatoa kwa njia gani. Yako mashirika, kama Compassion, ambayo hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali pale, na mtoto mwenyewe huhudhuria kituo ambako husaidiwa masomo, chakula na matibabu. Yako mengine, kama World Vision, ambayo huunganisha michango ya wafadhili na kuitumia kwa eneo zima, kwa maji, afya na elimu, na mtoto uliyemchagua huwa kiungo kati yako na jamii yake; usije ukadhani kwamba kuna bahasha yenye jina lake. Njia zote mbili ni halali, mradi umeambiwa ukweli kabla hujatoa. Kwa hiyo uliza bila kuona haya ni sehemu gani ya mchango wako hutumika kwenye ofisi, ni nani humtembelea mtoto na kwa muda gani, na utajulishwaje akihama, akiacha shule au akifariki. Hili la mwisho silisemi kwa kukutisha. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune la Marekani lilichapisha uchunguzi wa waandishi wake waliojiandikisha kuwafadhili watoto kisha wakasafiri kuwatafuta, na mmoja wa watoto hao, msichana wa Mali, alikuwa amefariki huku fedha kwa jina lake zikiendelea kupokelewa. Mashirika makubwa yalilazimika kurekebisha taratibu zao baada ya hapo, lakini mfadhili anayeuliza bado ndiye mlinzi bora wa mtoto.

Jambo ninalotaka ulipime kuliko yote ni muda. Dola 40 kwa mwezi ni dola 480 kwa mwaka, na mtoto wa miaka sita atakuhitaji kwa miaka kumi na zaidi. Kama unaona utaweza miwili tu, usichukue kadi. Changia mfuko wa jumla wa shirika, ambao haumpi mtoto yeyote ahadi itakayokatika. Na kwa kuwa umetaja Singida, niruhusu nikuulize kama katika ukoo wenu hakuna mtoto ambaye mama yake angefarijika ukimtumia kiasi hicho hicho kwa simu kila muhula. Mtoto wa binamu yako hana kadi yenye picha, wala hakuna atakayekuja kanisani kumsemea.

Swali: Mimi ni bibi wa miaka 67, ninaishi Muheza na ninalea wajukuu watatu. Wa katikati, mwenye miaka kumi, amepata mfadhili kupitia kituo cha kanisa, na hupewa sare, viatu, madaftari na zawadi ya Krismasi. Wenzake wanamwonea wivu, na yule mkubwa amesema haendi tena shule kwa kuwa yeye hana mzungu. Je, ni kosa nikiwagawia wote? Tena juzi kituoni wameniambia kwamba mfadhili wake ameacha.

Jibu: Shikamoo bibi. Barua yako niliisoma mara tatu, kwa sababu inasema jambo ambalo wanaotoa fedha hawalioni: mtoto mmoja huandikishwa, lakini nyumba ni moja na sufuria ni moja. Mashirika mengi huweka mpaka wa watoto wanaochukuliwa katika kaya moja ili nafasi zifike kwa wengi, na nia hiyo ni njema, ila mzigo wa kueleza kwa nini fulani na si fulani humwangukia mlezi.

Ushauri wangu ni kwamba sare, viatu na madaftari vibaki kuwa vya aliyepewa, maana watu wa kituo watamwuliza, naye asiwekwe mahali pa kusema uongo kwa ajili yenu. Chakula kikiletwa nyumbani, kipikwe kwa wote bila hofu. Fedha ya zawadi ikija kwa jina la familia, nenda kituoni uwaambie waziwazi kwamba ungependa kununua kitu kitakachowafaa watoto wote watatu, kama kuku wa mayai, mbuzi, au godoro, na waandike hivyo kwenye taarifa yao. Nimeona walezi wakificha mambo ambayo, kama wangeyasema, yangekubaliwa siku hiyo hiyo.

Kuhusu mkubwa, mkalishe peke yake. Shule za serikali nchini Tanzania hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na cha sita viliongezwa mwaka 2022, kwa hiyo kinachomzuia si ada bali ni sare, madaftari, na zaidi ya hayo kule kujiona hakuchaguliwa. Nenda kwa mtendaji wa kijiji umwulize kama kaya yako imeorodheshwa katika mpango wa TASAF wa kaya maskini, kisha mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye ana wajibu wa kukusikiliza. Huyo mkubwa umchukue mwende pamoja, aone kwamba kuna mtu anayehangaika kwa ajili yake pia.

Kuhusu mfadhili aliyeacha, uliza kituoni kama mtoto anabaki kwenye mpango wakati akitafutiwa mwingine. Katika mashirika makubwa ndivyo ilivyo kawaida, lakini usikubali kurudi nyumbani na jibu la nusunusu. Halafu mwambie mjukuu wako wewe mwenyewe, mapema, kwa maneno mepesi, kwamba mtu huyo ameacha kwa sababu za kwao huko, labda amepoteza kazi au ameugua, wala si kwa kosa lake. Nilikutana zamani na binti aliyeamini kwamba mfadhili wake alimwacha kwa sababu ya mwandiko wake mbaya, na alikuwa amelibeba jambo hilo kifuani kwa mwaka mzima bila mtu mzima yeyote kujua.

Swali: Sisi ni chama cha marafiki 12 hapa Mombasa. Kwa miaka miwili tumekuwa tukituma fedha kwa M-Pesa kila mwezi kwa kituo kimoja cha mayatima. Tukienda kuwatembelea, watoto hupangwa mstari na kutuimbia, na picha zao wakilia hutumwa kwenye simu zetu fedha zikichelewa. Sasa tumesikia kwamba wengi wao wana wazazi. Tuache?

Jibu: Msiache ghafla, kwa sababu watoto hao watakula usiku wa leo kwa fedha yenu, na makosa ya watu wazima yasilipwe na matumbo yao. Lakini msiendelee kama zamani pia. Serikali ya Kenya ilisitisha usajili wa vituo vipya vya kulea watoto mwezi Novemba 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika malezi ya familia, kwa kuwa ilionekana kwamba watoto wengi vituoni wana mzazi au ndugu aliye hai aliyeshindwa na umaskini tu. Mtoto anapopelekwa kituoni kwa sababu mama yake hana kodi ya nyumba, kilichohitajika ni kodi ya nyumba.

Nendeni katika ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yenu mkaulize kama kituo hicho kimesajiliwa. Kisha mwombeni msimamizi, kwa adabu lakini bila kulegeza, awaambie ni watoto wangapi wana jamaa na mpango wa kuwarudisha ni upi. Akiwa na mpango, mchango wenu uhamie huko: nauli za kuwafuatilia, karo, mtaji wa biashara ndogo kwa mama. Asipokuwa nao, ripotini katika ofisi ile ile. Na picha za watoto wakilia zifuteni, mumwambie aliyezituma kwamba hamtaki nyingine. Mtoto hapaswi kulia mbele ya kamera ili apate uji. (Kwa wasomaji wa Tanzania: makao ya watoto yanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mna haki ya kuomba kuiona.)

Swali: Ninaandika kutoka Muscat. Ninataka kumlea yatima aliyeko Pemba, bila ya kumtoa kwa bibi yake. Je, inafaa iwe sehemu ya zaka yangu?

Jibu: Hukumu ya zaka mwulize shehe unayemwamini, maana mimi si mwanachuoni. Ninalolijua ni kwamba aya ya 60 ya Sura ya Tawba inawataja mafakiri na maskini, si yatima kwa uyatima wake, kwa hiyo hali ya mali ya mtoto huyo itatazamwa. Sadaka haina mpaka huo. Mtume amesema kwamba yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa pamoja Peponi kama vidole viwili. Kumwacha kwa bibi yake ni uamuzi wa busara. Ongeza tu kitu kwa bibi mwenyewe, kwa sababu afya yake ndiyo nyumba ya mtoto.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Dodoma. Nina mfadhili Ujerumani tangu darasa la tatu. Kila mara tunaambiwa tuandike barua ya shukrani na mwalimu anatuandikia ubaoni cha kunakili. Ninamshukuru kweli, lakini sina jipya la kusema na ninaona aibu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Aibu hiyo haina msingi, na ninafurahi kwamba umeandika. Asante umekwisha kuisema mara nyingi, nayo imepokelewa. Mtu huyo hakukununua, wala huna deni la kumsifu katika kila mstari. Anachokosa ni habari zako. Mwombe mwalimu akuruhusu kuandika kwa maneno yako, na kama utaona vigumu kuanza, mweleze jambo moja tu ulilolifanya wiki hii: ulivyoteka maji, hesabu iliyokusumbua, zabibu zinazovunwa huko kwenu, mchezo mlioshindwa. Usimwandikie anwani yenu wala namba ya simu, hizo zinabaki kwa shirika. Kisha umwulize na yeye maswali, maana kwa miaka hii yote wewe umeulizwa na yeye hajaulizwa. Mwulize alipokuwa na umri wako alisoma shule ya namna gani, na ni somo gani lililomshinda.