AC ya gari la zamani: kabla hujajaza gesi uliza ile ya kwanza imevujia wapi

Juzi kuna dada kaniandikia, ana Corolla ya 1991 aliyoachiwa na marehemu baba yake, AC inapuliza moto tupu. Fundi mmoja kamwambia alete elfu hamsini ajaze gesi, mwingine anataka laki sita abadili mfumo mzima. Anauliza amsikilize nani. Dada yangu, meseji yako imenitonesha, maana hapo ulipo mi nilishapita na nilitoka na kidonda.

Mi naishi Kigamboni, kazi Kariakoo, gari Hilux ya dizeli ya 1990. Mnaosubiri pantoni mwezi wa pili saa nane mchana mnajua ndani ya gari lisilo na AC panakuwaje. Fundi wangu wa kwanza tulikuwa tunaitana kaka, watoto wake nawajua kwa majina. Akanijazia gesi, wiki tatu ikawa moto, akajaza tena, ikawa moto tena, akajaza ya tatu, laki na nusu yote imeondoka ndani ya kiangazi kimoja na hakuna siku aliyoinama kutafuta inapotokea. Na mi nilikuwa naamini gesi inaisha kama dizeli. Haiishi jamani! Inazunguka humo humo, kompresa inaibana, inapoa kwenye kondensa, inaenda kunyonya joto kwenye kulingi koili, inarudi. Ikipungua kidogo kidogo kwa miaka, hizo ni hozi na sili zimechoka. Ikiisha kwa wiki tatu kuna mahali panavuja, basi.

Safari ya nne ndo aliniumiza kabisa. Hilux yangu ilitoka kiwandani na R12, ile gesi ya zamani, midomo yake ya kujazia ina uzi wa kuzungusha. Yeye akafunga adapta akasukuma R134a, gesi iliyokuja baada yake, juu ya oili ile ile, draya (kichujio kinachonyonya unyevu) ile ile, vakyumu hakuvuta, yani hakunyonya kwanza hewa na unyevu uliobaki ndani. Ikapoa siku kama kumi nikawa namsifia kwa watu. Afu jioni moja niko kwenye foleni Barabara ya Kilwa nasikia chuma kinasagana, harufu ya mkanda unaungua, kompresa imekwama. Kumbe oili ya R12 haichanganyiki na R134a, gesi inazunguka ila oili inabaki imelala kwenye mabomba na kompresa inasagika kavu. Nilipompigia akanijibu magari ya zamani ndo yalivyo. Mpaka leo hatuongei.

Nikapelekwa kwa fundi mmoja mzee, mtaa wa Gerezani. Yule mzee hakugusa hata mtungi wa gesi, alipitisha kidole kwenye maungio ya bomba la kondensa kikatoka na tope jeusi, vumbi limeshikana na oili. Akajaza naitrojini, akapaka povu la sabuni, vikaanza kutoka vipovu vidogo vidogo. Akafungua akanipa oringi mkononi, ile pete ya mpira inayoziba maungio, ngumu kama ukucha, imepasuka. Kitu cha shilingi mia chache ndo kilikula pesa yangu yote ile.

Akasafisha mabomba, akafunga kompresa nyingine, draya mpya, oringi mpya zote zinazofaa R134a, oili ya esta inayochanganyika na R134a, akavuta vakyumu dakika 45, ndo gesi ikaingia, tena kwa kupima kwenye mzani. R134a inaingia pungufu, kama asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R12, yani gari la gramu 700 linapewa kama 560 hadi 595. Huu mwaka wa tatu, napita pantoni nimefunga vioo na nimevaa koti.

Kwa hiyo dada, fungua boneti utafute kibandiko cha AC. Kikisema R134a huna cha kubadili mfumo, tafuta panapovuja, ziba, draya mpya, vakyumu, jaza. Kikisema R12 na imeshaisha, badili. R12 ilipigwa marufuku kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, mkataba wa Montreal ni wa 1987, nchi zilizoendelea ziliacha kuizalisha mwisho wa 1995 na zetu mwaka 2010. Ukiletewa kopo la bei rahisi unaambiwa ni R12, kataa, mengine ni mchanganyiko wa gesi za jamii ya hii ya kupikia na inashika moto, na kulingi koili iko ndani ya dashibodi mbele ya magoti yako na ya wanao.

Presha ya R134a iko juu zaidi, kwa hiyo kondensa ya zamani inaweza kuzidiwa ukiwa umesimama kwenye foleni, hapo uliza kuhusu feni ya ziada. Na huyo wa laki sita mwambie akuandikie kitu kimoja kimoja anachobadili. Kompresa kama inazunguka laini na haina kelele usikubali ibadilishwe, ibadilishwe oili yake tu, hapo bei itashuka sana.

Nitumie picha ya hicho kibandiko leo leo, na Jumamosi asubuhi kama una nafasi nakupeleka Gerezani mwenyewe.