Sheria ya ajira haikusimama kwa sababu ya korona, nawaeleza yaliyonikuta Mombasa 2020

Dada mmoja ameuliza hivi: 2020 alikuwa na duka la kushona, korona ilipoingia akawatuma mafundi wake nyumbani bila mshahara, sasa mmoja amemwandikia barua kupitia wakili anadai pesa zake, na yeye anashangaa, kwani si serikali yenyewe ndio ilifunga kila kitu, si sheria ya ajira ilibadilishwa wakati ule? Dadangu hapana, haikubadilishwa, na hilo waajiri wadogo wengi hatukulijua. Wacha nikueleze manake mie nilifanya kosa hilo hilo na nilikuwa na watu 11.

Nilikuwa na mkahawa hapa Mombasa, pilau na biriani mchana, mishikaki na viazi karai jioni. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa 13 Machi 2020, siku chache baadaye mikahawa ikaambiwa ni chakula cha kubeba tu hakuna kukaa, halafu 27 Machi ikaanza kafyu, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Sasa muuza mishikaki ukimwekea kafyu ya saa moja umemfungia biashara, manake wateja wangu ndio walikuwa wanaanza kuja baada ya magharibi. 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kuna siku niliuza sahani tisa kutwa nzima. Jumapili usiku nikaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya wafanyakazi, "kuanzia kesho wote mko likizo bila malipo mpaka hali itulie, Mungu atatufungulia", nikalala nikiamini sina lingine la kufanya.

Hakuna aliyejibu. Alhamisi mama wetu wa jikoni, mtu aliyekuwa nami tangu siku nafungua, akaja mlangoni na barakoa yake ya kitambaa cha leso akasimama kule mbali akaniambia, "Mwanangu, nimepita kwa watu wa leba. Wamesema nikwambie uende." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndio iliniuma zaidi.

Nikaenda hiyo ofisi ya leba, ya serikali inayosimamia mambo ya kazi. Ofisa akaniuliza swali moja tu, walikubali? Nikamwambia wote walisoma, nikamwonesha simu. Akasema kusoma si kukubali. Akanifungulia Sheria ya Ajira ya 2007 akanionesha kifungu cha 10, ukitaka kubadilisha mshahara au saa za kazi au masharti yoyote ya mkataba lazima uzungumze na mfanyakazi kwanza, kisha umpe mabadiliko kwa maandishi. Na hii "likizo bila malipo" ambayo kila mwajiri alikuwa anaitamka mwaka ule, ukiitafuta humo ndani huioni. Iko likizo ya mwaka, siku 21 za kazi na mshahara kamili, iko ya ugonjwa, iko ya uzazi. Bila malipo ni jambo la kuelewana nyinyi wawili, ukimlazimisha mtu umemnyima mshahara wake basi, na mahakama ya ajira inaliangalia hivo.

Sasa yaliyobadilika kweli ni yapi. Kodi ilibadilika, ile sheria ya marekebisho ya kodi ya Aprili 2020, anayepata mpaka shilingi 24,000 kwa mwezi akasamehewa PAYE yote (kodi inayokatwa kwenye mshahara), kiwango cha juu kikashuka kutoka asilimia 30 hadi 25, na kwa tangazo jingine la mwezi huo VAT, kodi ya bidhaa na huduma, ikawa 14 badala ya 16. Weita wangu wa 18,000 alikuwa anakatwa kama 647 kwa mwezi, zikabaki mfukoni mwake, lakini hiyo ni nafuu ya mfanyakazi, mwajiri hukupunguziwa mzigo wa mshahara hata shilingi, tena Januari 2021 hicho kiwango cha juu na VAT vikarudishwa vilivyokuwa. Pili, Aprili hiyo hiyo ya 2020 wizara ya leba, COTU (muungano wa vyama vya wafanyakazi) na FKE (shirikisho la waajiri) waliwekeana saini makubaliano, kwamba pande mbili zikae zizungumze kabla ya kukata mishahara ama kupunguza watu. Yalisaidia kama mwongozo ila si sheria. Tatu kulikuwa na mswada Seneti wa kushughulikia majanga ya maradhi, ulisema mwajiri asimfukuze mtu wala asimlazimishe kukatwa mshahara, akishindwa amruhusu akae nyumbani bila malipo. Jamani huu mswada ulizunguka kwenye simu kama ndio sheria tayari, na nadhani wewe pia dadangu ndio uliuona huo. Haukuwahi kuwa sheria.

Kwa hivyo nikarudi nyumbani nikafuta ile meseji nikaandika nyingine ya kuomba radhi na kuwaita kikao, na mshahara wa zile siku nilizowafungia nje nikaulipa, nilikopa kwa shemeji. Tulikaa mkahawani siku chache kabla ya Ramadhani, viti vimepinduliwa juu ya meza, kila mtu na meza yake. Nikaweka daftari la mauzo mezani, kodi ya nyumba, deni la mchuuzi wa nyama, stima, kila kitu. Mama wa jikoni akasema asomewe. Mmoja akasoma kwa sauti mpaka mwisho, kisha kimya, unasikia friji tu.

Pendekezo langu lilikuwa kila mtu akatwe asilimia 30 kwa miezi mitatu. Wengi walikuwa tayari, lakini nilikuwa nimeambiwa kule leba nichunge kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali, na nilipopiga hesabu nikaona weita wa 18,000 angebaki na 12,600, na wakati ule kibarua wa kawaida kabisa mjini Mombasa kima chake kilikuwa 13,572 na senti kwa amri ya Mei 2018, weita na mpishi wako juu zaidi ya hapo. Hapa ndipo watu wengi walianguka na hawajui mpaka leo, mfanyakazi anaweza kukutilia saini ya 12,600 kwa mapenzi yake kabisa na bado wewe umevunja sheria, manake kima cha chini hakiuzwi kwa saini. Tukaamua zamu, kundi moja wiki mbili kundi jingine wiki mbili, kila mtu analipwa siku alizofanya kwa kiwango kile kile cha zamani, miezi mitatu tu halafu tunakaa tena. Kila mmoja barua yake nakala mbili, tarehe ya kuanza na ya kuisha, saini yangu na yake. Hizo barua ninazo mpaka leo ndani ya faili la kijani.

Kuna kijana wetu alikuwa akikaa Mji wa Kale, na Mei mtaa ule na Eastleigh ya Nairobi vikafungwa peke yake, akabaki ndani. Rafiki yangu mmoja mwenye biashara akanishauri nimwandikie ametoroka kazi. Ametoroka vipi na amezuiliwa na serikali? Kutofika kazini kunakuwa kosa kama mtu hana ruhusa wala sababu halali, na hata hivo kabla ya kumfukuza yuko na haki ya kuelezwa kosa na kusikilizwa mbele ya mwenzake. Zile siku nilimhesabia kwenye likizo yake ya mwaka, kwa simu tukakubaliana, kisha nikamtumia maandishi. Mwingine aliwekwa karantini siku 14, huyo nilimpa ya ugonjwa, sheria inasema aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo apate angalau siku saba mshahara kamili na saba nusu kwa mwaka, zikaenea sawasawa.

Mwisho wa Aprili mikahawa iliruhusiwa kufungua kwa masharti, wafanyakazi wapimwe kwanza, wateja wakae mbalimbali, lakini kafyu ilibaki na jioni yangu haikurudi. Agosti nikashindwa, ilibidi wawili waondoke. Hapa ndio kifungu cha 40 cha ile ile Sheria ya Ajira, cha kupunguza wafanyakazi, na hiki ndicho nataka ukisome neno kwa neno. Notisi si chini ya mwezi mmoja, kwa mfanyakazi mwenyewe na kwa ofisa wa leba (kama wana chama, kwa chama), ikieleza sababu na kiasi cha upunguzaji. Unachagua kwa kuangalia muda aliokaa, ujuzi, uwezo na uaminifu wake, si kwa kuangalia nani mlikosana. Likizo ambazo hakuzichukua unazilipa pesa taslimu. Na malipo ya kuachishwa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Wa 18,000 aliyekaa miaka sita, siku 15 ni 9,000, mara sita ni 54,000. Sikuwa nazo kwa mkupuo, tukaandikiana nilipe kwa awamu nne, wakakubali, nikamaliza Desemba. Walilia na mie nililia, siwezi kusema uongo.

Turudi kwako. Usiikalie hiyo barua. Kwanza angalia tarehe, madai ya mkataba wa ajira yana muda wa miaka mitatu tangu jambo lilipotokea, kwa hivyo jua lini hasa ulimsimamisha na kama kesi ilishafunguliwa kortini na lini, manake barua ya wakili peke yake si kesi. Pili tafuta kila ulichonacho, meseji za wakati ule, M-Pesa ulizomtumia, daftari la mahudhurio. Kama hakuna mkataba wa maandishi mzigo wa kuthibitisha masharti uko kwako wewe mwajiri, si kwake. Tatu jua ukubwa wa hatari, korti ikiona ulimwachisha isivyo haki inaweza kukuamuru fidia mpaka mishahara ya miezi 12, juu yake mshahara wa zile siku na notisi. Utetezi wa "ilikuwa korona" utakusaidia kueleza kwa nini ulipunguza kazi, lakini swali watakalokuuliza ni lile lile nililoulizwa mie, walikubali?

Kama jibu ni hapana na muda haujapita, mpigie huyo fundi kabla hujampigia wakili. Mama wetu wa jikoni angeweza kunipeleka kortini, alikuja mlangoni kwanza. Hapa ukiandika mwaka aliokuanza kazi na mshahara wake wa mwisho nitakupigia hiyo hesabu usiku huu.