Jani la isale nililolitupa dirishani

Juzi nilikaa nyuma ya darasa la tano nikimtazama mwanachuo wa ualimu aliye kwenye BTP, mazoezi ya kufundisha, akichora nyumba ya msonge ubaoni. Robo saa nzima! Mada ni urithi wetu, mfongo, mfereji wa asili wa maji, unapita nyuma ya vyoo, na hakuutaja. Nilitaka kumcheka, nikakumbuka yangu. Haya, wadogo zangu:

1. Andalio la somo lisainiwe kabla ya gwaride, si kengele ikishalia.

2. Mkifundisha Azimio la Arusha, anzeni na neno lenyewe. Kuna mtoto aliniandikia kwamba ni daftari la mwalimu mkuu, kwa kuwa kila siku anasikia ofisini "leta azimio la kazi". Nilimpa nusu alama kwa kunichekesha. Mwaka 1967 aliupatia.

3. Jueni mlipo. Mimi ni mtu wa Kanda ya Ziwa, na nilikuwa na miezi mitatu tu huku migombani, juu ya Moshi. Mwanafunzi alivunja globu, nayo ilikuwa moja shule nzima. Nikamfukuza akamlete mzazi. Kesho yake akaja peke yake, kanyoosha mikono yote miwili, kashika jani refu la kijani lililofungwa fundo.

"Nimekuita mzazi, unaniletea majani?"

Nikalinyakua, nikalitupa dirishani, nikageukia ubao. Kichwa cha somo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: Alama za Utamaduni Wetu. Chini yake mkuki na ngao, nilivyovinakili kitabuni. Watoto sitini kimya, nami nikajisifu kwamba darasa nimelishika.

Saa nne bibi yake alikuwa mlangoni pa ofisi. Nikamwamkia, akachelewa kuitikia.

"Mwalimu, isale haikataliwi. Hata aliyemwaga damu akija nayo, anasikilizwa."

Nililitafuta kwenye tope, nikalipata limekanyagwa. Nikamwomba mtoto radhi mbele ya wenzake, sauti ikinikwama. Jioni, njia ileile ya kila siku, ndipo nilipoona kwamba mipaka ya vihamba vyote, mashamba ya migomba ya ukoo, imepandwa isale.

4. Mzee mkimwalika, mpeni kiti, na kengele isimkatize.

5. Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Hilo watakariri. Wapelekeni Old Moshi wauone mti aliponyongewa.

Globu haijanunuliwa hadi leo. Tunafundishia chungwa.